Mikoba Ishirini na Minne

Kibanda changu cha uwakala kiko Manundu, Korogwe, upande wa barabara wanaposhukia abiria wa Handeni. Kwa miaka mingi nimeweka na kutoa hela za watu hapa: mishahara ya wakata mkonge, ada za shule, rambirambi, nauli ya mgonjwa anayekimbizwa hospitali ya Bombo. Nilijiona naijua hela ya simu kama ninavyoijua njia ya kwetu. Ndiyo maana mwezi Juni 2023, wifi yangu aliposhuka na gunia lenye mikoba kumi na mmoja ya mkonge akasema, "Wifi, nasikia kuna mnada wa mtandaoni, mzungu anauona mkoba kwenye simu anaweka dau," nilimjibu kwamba tutaweza kabla sijamuuliza swali hata moja.

Maswali niliyoacha kumuuliza siku ile ndiyo ninayoyaandika leo. Majina ya watu nimeyaacha. Ya ile tovuti na ile kampuni ya malipo nimeyaacha pia, kwa sababu masharti yaliyotuangusha yalikuwa yameandikwa, na sisi hatukuyasoma.

Wifi anakaa Chanika, Handeni, na kikundi chao kilikuwa na wanawake tisa. Singa za mkonge wanazinunua huku kwetu Korogwe, wanazichambua, wanazisokota pajani mpaka ngozi inakuwa ngumu, wanazichemsha na rangi, halafu wanaanza kusuka kutoka kitakoni kwenda juu. Mkoba mzuri hula siku nne. Stendi bei yake ni 25,000, na abiria mwenye haraka huomba ashushiwe mpaka 18,000 huku dereva akipiga honi.

Mkonge wenyewe ni mgeni aliyegeuka mwenyeji. Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida mwaka 1893, ikapona 62 tu, na kutokana na hiyo yakatandaa mashamba yanayoijaza Tanga yetu. Mwaka 1964 nchi ilivuna zaidi ya tani 200,000. Kisha kamba za nailoni zikaingia sokoni, bei ikaporomoka, na watu wa Korogwe ambao hawakuwahi kuiona nailoni ikitengenezwa wakarudi nyumbani mikono mitupu. Wazee wetu walikwisha kuonja maana ya kuuza kitu kwa mtu aliye mbali, chini ya kanuni ambazo hukuzitunga. Laiti tungewakumbuka.

Lakini neno tulilolisikia lilikuwa "mnada", na mnada watu wa Handeni wanaujua. Kwenye mnada wa mifugo mnunuzi anamzunguka ng'ombe, anamfunua mdomo aone meno, anamshika nundu, dalali anapandisha na kushusha, mwisho noti zinahesabiwa mara mbili mbele ya mashahidi na kibali kinaandikwa. Ng'ombe akishapita geti na mwenye kumnunua, akifa njiani kabla ya Segera, msiba ni wa aliyemnunua. Hakuna anayerudi miezi mitatu baadaye kudai hela yake kwa mtu aliyekwisha kununulia bati. Wifi alipofikiria mnada wa simu aliufikiria hivyo hivyo, na mimi nikaufikiria hivyo.

Lakini huo wa simu ulijengwa kwa watu wasioonana. Pierre Omidyar alipoanzisha Marekani mwaka 1995 tovuti iliyokuja kuitwa eBay, kitu cha kwanza kuuzwa kilikuwa kielekezi cha leza kilichoharibika, kwa dola 14.83. Kwa wasiojuana, mzozo wa mwanzo si bei, ni nani atangulie kutoa cha kwake. Ikatafutwa namna ya kuweka mtu wa katikati wa kushika hela, na PayPal, iliyoanza 1998, ikawa maarufu kwenye kazi hiyo kiasi kwamba eBay waliinunua mwaka 2002 kwa dola bilioni 1.5, wakaja kuachana 2015. Mtu wa katikati wa namna hii anamhitaji mnunuzi awe na amani ya moyo, maana mnunuzi akiogopa soko zima linasinzia. Kwa hiyo mashaka yanapotokea, mzigo wa kuthibitisha humwangukia muuzaji. Hilo si dhuluma. Ni jambo ambalo muuzaji anatakiwa kulijua kabla hajaweka picha ya kwanza, kama mkulima anavyotakiwa kujua mto unafurika mwezi gani.

Kikwazo chetu cha kwanza kilikuwa mlango wa kupokelea hela. Kampuni kadhaa kubwa za malipo za nje zimekuwa zikimruhusu aliye Tanzania kulipa, si kupokea. Wakenya walishapata njia: tangu 2018 mwenye PayPal kule anaweza kuihamishia hela yake M-Pesa. Sisi tukazunguka uani. Kuna kijana aliyekulia hapa, anafanya kazi ghalani huko Marekani, mama yake yuko Old Korogwe. Nikaenda kwa mama yake na kilo mbili za sukari.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

Nikamweleza. Kijana atufungulie akaunti kwa jina lake na benki yake, hela ikiingia atutumie. Mama alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza neno moja: "Na pakitokea shida, anaitwa nani?"

Nikamwambia, "Shida gani, mama? Ni mikoba tu."

Kijana alikubali kwa moyo mweupe, na katika haya yote sina neno baya juu yake.

Tuliipiga picha mikoba ukutani kwa kibanda changu, jua la asubuhi. Mtu mmoja aliyedai kuujua mnada alitushauri tuanzie dola 1, ili watu wavutike wapandishe wenyewe. Mkoba wa kwanza, wa rangi ya samli na mistari ya kahawia, ulipanda mpaka dola 41. Wifi alinipigia akilia. Dola 41, kwa kiwango cha miezi ile, ni zaidi ya laki moja, na stendi ungeuzwa 25,000. Jioni ile wanawake tisa wa Chanika walipika pilau.

Niliipiga hesabu hii baadaye, kwenye daftari, na nawasihi wenzangu waipige kabla. Mnunuzi alilipa dola 41 za mkoba na 15 za usafirishaji, jumla 56. Tovuti ikakata asilimia 13, tena si kwenye bei ya mkoba peke yake, kwenye jumla yote: dola 7.28. Kampuni ya malipo ikakata asilimia 4.4 na senti 30 juu yake: 2.76. Kijana kututumia nyumbani ikaondoka dola 4. Hela ikabadilishwa kwa 2,440, ikatufikia shilingi 102,000 na kitu. Posta, mkoba ulipopandishwa kwenye mizani, ukawa kilo moja na gramu mia tatu, wakatutoza 62,000, wakati sisi tulishamwandikia mnunuzi dola 15 kwa kukisia. Boksi, gundi ya karatasi na nauli ya Handeni, 6,500. Singa, rangi na mkanda, 9,000. Mkononi kwa msusi zikabaki 24,800 na ushei. Stendi, ukitoa vifaa, angepata 16,000 siku hiyo hiyo. Kwa hiyo ule mkoba uliotupikisha pilau ulituzidishia kama shilingi 8,800, na tulizisubiri kwa wiki tano.

Mikoba iliyofuata haikutuzidishia kitu. Mnada tulikuwa tunaufungua saa nne asubuhi, mteja akishapungua kibandani, nao unafungwa saa ile ile siku ya saba. Saa nne asubuhi ya Korogwe, majira yao ya joto, New York ni saa tisa usiku. Dakika za mwisho, ambazo ndizo watu hupandishiana, wanunuzi wetu walikuwa wamelala. Mkoba mmoja ulifungwa kwa dola 6. Ukijumlisha za usafirishaji na kutoa makato ya tovuti na ya kampuni ya malipo, tulipokea 41,600, na posta ikataka 62,000 zake. Nikamwambia wifi tusiutume. Kijana akatuandikia kwamba mnada ukishafungwa, dau ni ahadi, na muuzaji mpya anayevunja ahadi huandikwa vibaya kwenye ukurasa wake ambako kila mgeni atasoma. Tukautuma. Msusi alikuwa amelipa 20,400 ili kumpa mtu mkoba wake wa siku nne.

Pale ndipo pa kusimama. Tungesimama, hasara ingekuwa ya kujifunzia tu. Ila mwezi Agosti ukaja ujumbe: mwanamke mwenye duka, nje, ameupenda ule mkoba wa samli, anataka 24 kwa bei isiyo ya mnada, dola 35 kila mmoja, na 160 za kusafirisha. Dola 1,000 kamili. Alilipa ndani ya tovuti, kwa utaratibu, siku hiyo hiyo. Tuliiona namba kwenye picha ya skrini aliyotutumia kijana. Chini yake palikuwa na mstari mdogo kwamba, kwa kuwa akaunti ni mpya katika kuuza, hela itashikiliwa mpaka siku 21. Mimi niliusoma kama mtu anavyosoma tangazo la dawa ya mswaki.

Hela ipo lakini haishikiki, na mikoba inatakiwa isukwe. Mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri kwa wanawake, vijana na wenye ulemavu ilikuwa imesimamishwa tangu Aprili mwaka ule, isirudi mpaka katikati ya 2024. Mzunguko wa VICOBA chao ulikuwa umegawanywa. Wakaenda kwa wakopeshaji wa kausha damu: 800,000, kurudisha 1,040,000 kwa mwezi. Nami ndiye niliyewatia moyo. Nikawaonyesha ile namba kwenye skrini.

Walisuka siku kumi na mbili, usiku kwa taa ya sola. Naomba mtu asidhani walisuka ovyo. Niliipokea mikoba yote 24, nikaigeuza ndani nje, na mshono hata mmoja haukuwa umelegea.

Posta kwa kilo 31 ilikuwa ghali. Mtu akatuelekeza kwa kijana wa mizigo Kariakoo anayekusanya vifurushi vya watu wengi na kuvipeleka kwa ndege kwa jina lake yeye, bei karibu nusu. Mikoba ile ya mwanzo, mmoja mmoja, posta walikuwa wameipa kila mmoja namba yake: herufi mbili, tarakimu tisa, kisha TZ. Namba hiyo inafuatilika dunia nzima, kwa kuwa mashirika ya posta ya nchi zote yamekubaliana mtindo mmoja. Kariakoo tulipewa karatasi ya daftari imeandikwa kwa kalamu: "mikoba, kg 31, imelipwa". Tuliichukua tukashukuru.

Siku 21 zikaisha, hela ikafunguliwa. Baada ya makato yote zikafika kama 2,000,000. Deni la kausha damu likalipwa, zikabaki 960,000, kila mwanamke akapata laki moja na elfu sita na ziada kidogo. Mmoja alinunua magodoro mawili. Mmoja alimlipia mwanaye mchango wa mtihani. Wifi alinunua singa za msimu ujao. Nani angesema hizo si hela zao?

Desemba, mvua za El Niño zikimwagika, kijana akapiga simu usiku. Mnunuzi amelalamika kwamba mzigo haukumfikia. Kampuni ya malipo imeichomoa dola 1,000 yote kwenye akaunti, ikaongeza dola 20 za kushughulikia malalamiko, na kwa kuwa akaunti haikuwa na kitu, salio limekuwa hasi 1,020. Wanataka ndani ya siku kumi apeleke namba ya ufuatiliaji na ushahidi wa mzigo kupokelewa.

Nilimwambia, "Lakini ile hela ilishalipwa! Ilishatoka!"

Akanijibu taratibu, kwa adabu kabisa, "Shangazi, ilitoka, lakini ilikuwa bado haijawa yetu."

Sentensi hiyo imenikaa. PayPal, kwa mfano, humpa mnunuzi siku 180 za kufungua malalamiko tangu alipolipa, nazo ni miezi sita kasoro. Nyuma ya kampuni ya malipo kuna kadi ya mnunuzi, na nyuma ya kadi kuna sheria: Marekani walipitisha mwaka 1974 sheria inayomwezesha mwenye kadi ya mkopo kupinga bili ya kitu ambacho hakuletewa. Ni sheria nzuri. Ningeipenda iwe yetu mimi ninaponunua. Ila muuzaji wa Handeni anayegawana hela siku ya 22 anagawana amana ya mtu, akidhani ni mavuno.

Kijana wa Kariakoo simu yake iliita siku mbili, halafu haikuita tena. Tulituma picha ya ile karatasi. Kampuni ikajibu kwamba karatasi haina jina la mpokeaji, haina anwani, haina namba. Tena jina la aliyetuma mzigo halikuwa la mwenye akaunti, wala la wifi. Muuzaji kwenye karatasi zao alikuwa kijana wa ghalani Marekani, mzigo ulitoka kwa mtu wa Kariakoo, na msusi wa mikoba alikuwa Chanika, ambako hakuna karatasi iliyomtaja. Wifi hakuwa na mahali pa kusimama akasema, "Mimi ndiye."

Mpaka leo sijui kama mikoba ilifika. Watu hupenda kuniambia yule mwanamke ni tapeli, amekula mikoba na hela. Siwezi kusema hivyo. Huenda imeozea kwenye ghala fulani na yeye alisubiri miezi mitatu kwa uvumilivu kabla ya kulalamika. Kukosa ile namba ya herufi na tarakimu kulitunyima hela, na kulitunyima pia haki ya kumlaumu mtu.

Akaunti ikafungiwa. Kijana akaanza kukatwa kwenye benki yake, kidogo kidogo, kutoka mshahara anaoamkia saa kumi alfajiri. Kwa shilingi ilikuwa kama 2,550,000. Ukigawa kwa tisa, 283,000 kila mwanamke, kwa watu waliokwisha kulala juu ya magodoro hayo. Wawili walijitoa kwenye kikundi wakasema hawakuona karatasi yoyote waliyotia sahihi. Kweli, hawakutia.

Sasa nifike pale ninapopaogopa. Januari, wifi, bila kuniambia, aliandika kwenye kundi kubwa la wajasiriamali la WhatsApp kisa chote: jina la kampuni, kiasi, akaunti kufungiwa. Siku ya tatu alipigiwa na mtu mwenye Kiswahili kizuri, anamwita "mama yangu", akajitambulisha kuwa ofisa wa kampuni hiyo tawi la Dar es Salaam. Rufaa imekubaliwa, akasema, hela itarudi yote, kinachotakiwa ni ada ya kufungulia faili, 185,000. Wifi aliuza mbuzi wawili. Akapanda gari, akaja kibandani kwangu.

Nikamwekea hela kwenye laini yake. Miwani alikuwa ameisahau nyumbani, akanipa simu nimwandikie namba. Nikaandika. Kabla ya namba ya siri, simu ikaleta jina la mpokeaji. Lilikuwa jina la mtu, majina mawili ya kawaida, si la kampuni. Nililisoma kwa sauti. Nikamuuliza, "Ndiye huyu?" Akasema, "Ndiye ofisa mwenyewe." Foleni ilikuwa ndefu. Nikambakishia namba ya siri tu, akaibonyeza.

Kila siku mimi mwenyewe huwaonya wateja juu ya ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Nimebandika karatasi ukutani. Nimewafundisha watu kupeleka namba ya tapeli 15040, na kupiga *106# waone laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chao. Na bado wa kwangu mwenyewe, mbele ya ile karatasi, nilimpitisha. Mtu aliyekwisha kupoteza huwa mwepesi kuamini kwamba kuna mlango wa kurudishia, na matapeli huwasaka wenye msiba kuliko wenye harusi. Tuliripoti 15040, tukaenda polisi Handeni tukapewa RB. Mbuzi hawakurudi.

Tangu hapo wanakuja watu kuniuliza, hasa wasichana wenye simu nzuri kuliko yangu: mafundi wa batiki, wauza viungo, mmoja wa Mombo anayetengeneza sabuni. Siwakatazi. Ningekuwa nawakataza ningewaficha kitu chenye heri, maana wapo Waafrika Mashariki wengi wanaouza nje kwa njia hizi na kula vizuri. Ninawauliza yale maswali.

La kwanza huwa lile la mama wa Old Korogwe: pakitokea shida, anaitwa nani? Kama jibu si wewe, kwa jina lililo kwenye kitambulisho chako, huna biashara bado. Una fadhila ya mtu. Afadhali ukae miezi miwili ukitafuta njia ya malipo inayompokea Mtanzania kwa jina lake, au umuuzie jumla mfanyabiashara wa Dar es Salaam aliyesajiliwa anayesafirisha, akulipe chini kidogo, hasara ya njiani iwe yake. Sisi hatukutaka kulipwa chini.

La pili nawapeleka posta kabla ya kupiga picha. Wapime kitu kikiwa ndani ya boksi lake, waandike nauli halisi, wachukue huduma yenye namba, na wasome habari za ushuru wa kule kinakokwenda, kwa kuwa nazo hubadilika. Ulaya waliondoa Julai 2021 msamaha wa kodi waliokuwa wakivipa vifurushi vya hadi euro 22. Marekani, tangu tarehe 29 Agosti 2025, hawana tena ule msamaha wa ushuru kwa mzigo usiozidi dola 800. Mnunuzi anayeshtukizwa na ushuru mlangoni huukataa mzigo, na mzigo uliokataliwa huanzisha malalamiko upya.

Bei ya kuanzia ninawaambia iwe ile ambayo mnada ukifungwa hapo hapo, hawatalia. Na saa ya kufunga waipange kwa usingizi wa mnunuzi, si wa kwao.

Swali la hela ndilo ninalolikazania mpaka wengine wananiona mkali. Ninawaambia wachukue kalenda ya ukutani, wahesabu siku 180 kutoka siku ya malipo, waitie alama. Mpaka alama ile, sehemu ya hela ilale mahali, isinunue godoro. Msichana wa sabuni aliniuliza, "Sasa mama, miezi sita nitakula nini?" Nilikosa jibu la haraka. Ndiyo maana nikamwambia aanze na mizigo midogo sana, kiasi ambacho ukinyang'anywa wote bado kesho jiko lako linawaka, na auze stendi huku akisubiri. Aliondoka hajafurahi. Wiki mbili baadaye alirudi na kalenda.

Wifi bado anasuka. Wamebaki watano. Kila siku ya gulio anapanda gari na mikoba sita au saba, anaiuza kwa wapita njia mpaka alasiri, halafu anapita kwangu tunafuatana Old Korogwe kwa miguu. Ningeweza kuituma hela ya deni la kijana kwa simu kwa dakika moja, na mara ya kwanza nilipendekeza hivyo. Mama alikataa. Alisema ya mwanaye iliondoka kwa simu, itarudi kwa mkono.

Tunakaa ukumbini. Wifi anafungua pindo la kanga, anatoa noti zilizokunjwa, anazinyoosha juu ya goti. Mama anazihesabu, ananipa mimi nizihesabu, anazichukua tena anahesabu mara ya tatu. Kisha anamwita mjukuu alete daftari la mistari, anaandika tarehe, anaandika kiasi, na chini yake anaandika kilichobaki. Jumamosi iliyopita aliandika 480,000. Wifi akatia sahihi yake pembeni, herufi kubwa, jina kamili.